Nipeni vitanda sita na kitasa kizima

Wahariri, wiki hii mmetuuliza: treni ya abiria ya kuvuka mipaka ikifika tena Lubumbashi, tungetaka mabehewa ya namna gani? Najua wengi wataomba viyoyozi na viti kama vya ndege. Mimi nauza vitenge soko la Kenya (komini, yaani wilaya ya hapa mjini, si nchi), na mali yangu naifuata Dar es Salaam. Behewa nalipima kwa robota.

Njia yangu ni basi mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, halafu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860 mpaka baharini. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita, vitatu kila upande, wanawake kwao na wanaume kwao. Hata nikiwa na pesa ya vinne nachukua sita, kitanda cha chini. Robota linaingia chini yake na mimi nalala juu ya mtaji wangu. Mtu akilivuta usiku, mgongo utaniambia. Mchana kitanda hicho kinakuwa benchi la wote. Mama wa juu kabisa anashuka na karanga zake, maneno yanaanza, na bei za Kariakoo nimezijua mara nyingi kabla ya kufika Mbeya.

Mpakani mwa Zambia na Tanzania, Nakonde na Tunduma, maofisa wa uhamiaji wanapanda wenyewe. Unatoa pasipoti, unasogeza saa mbele kwa saa moja, basi. Kwenye basi ni kushuka na mzigo. Mwaka mmoja mvua ilitukuta kwenye foleni Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, na kitenge chekundu cha bei ya chini kikachuja rangi juu ya vyeupe. Nilivigeuza vitambaa vya meza.

Ndiyo maana nataka behewa moja, kutoka hapa mpaka mwisho. Wapo wanaosema haiwezekani. Kwa upande wa reli inawezekana. Reli yetu, iliyofika hapa mwaka 1910 ikitokea Ndola na Sakania, ina upana wa milimita 1,067, sawasawa na ya Zambia, ya TAZARA, na ile ya Benguela iendayo Lobito, Angola. Reli ya zamani ya kati ya Tanzania ndiyo yenye milimita 1,000. Tofauti ni vidole vinne vyembamba, lakini kule Kidatu, zinapokutana, mzigo lazima uhamishwe. Sisi hatuna balaa hilo. Kichwa cha treni wakibadilishe hata mara tatu, mimi na robota langu tubaki tulipo.

Mengine ni madogo. Mlango wa chumba upitishe robota bila kuligeuza ubavu. Maji ya chooni yafike usiku wa pili. Madirisha yafunguke, kwa sababu kiyoyozi kikifa chumba kinakuwa tanuri, na ndizi za stesheni huwezi kuzinunua kupitia kioo. Na kitasa kifunge kwa ndani.

Shemeji yangu amesoma jibu hili kabla sijalituma. Anasema naomba treni ya kizamani. Yeye husafiri na mkoba mmoja.

Muuza vitenge, Katuba, Lubumbashi