Kabla hujajaza fomu ya tiba kwa vitendo, tazama mtu akimenya ndizi

Kijana wa Moshi au Arusha akipata matokeo mazuri ya sayansi kidato cha nne, ukoo mzima huwa na majina matatu tu mdomoni: daktari, nesi, mfamasia. Tiba kwa vitendo haitajwi, na ikitajwa utasikia, "Si ile ya mazoezi?" Siyo ile. Ni vizuri uielewe tofauti hiyo mapema, maana wapo wanaofika mwaka wa pili bado wanadhani wanasomea fiziotherapia kwa jina jingine.

Mtu wa fiziotherapia anaanzia kwenye mwili: misuli, viungo, pumzi, kusimama, kutembea. Mtoa tiba kwa vitendo anaanzia kwenye siku ya mgonjwa. Anataka kujua alikuwa akifanya nini tangu anaamka mpaka analala, na kati ya hayo ni lipi limemshinda sasa. Kuvaa shati, kuoga, kula, kwenda chooni, kuwasha jiko, kuhesabu chenji sokoni, kuandika darasani, kushuka chini kuswali. Wodini wanamwita mtu wa OT, kifupi cha Kiingereza cha occupational therapy. Wagonjwa wake ni wa kiharusi, ajali za bodaboda, walioungua, watoto wenye mtindio wa ubongo, watoto wenye usonji, na wagonjwa wa akili pia, ambao wengi wanaoomba fani hii huwasahau kabisa.

Sasa kipimo chenyewe cha kujua kama fani hii inakufaa, kisichohitaji cheti. Kaa jikoni umtazame mtu akimenya ndizi za mtori, halafu andika kila hatua. Wengi huandika "anamenya ndizi" wakafunga daftari. Anza upya. Anavunja ndizi moja kutoka kwenye kichane. Anapaka mafuta mkononi na kwenye kisu ili utomvu usigande. Anakata ncha ya kwanza, anaigeuza, anakata ya pili. Anapasua ganda kwa urefu bila kuzama ndani, anaingiza ncha ya kisu chini ya ganda, analibandua kwa kidole gumba, anatumbukiza ndizi kwenye maji isiwe nyeusi. Mkono mmoja unashika na kugeuza, wa pili unakata. Kiganja kinazunguka, kidole gumba kinasukuma, macho yanafuata kisu. Na yote hayo anayafanya amekaa kwenye kigoda kifupi, kiuno kimeinama mbele, bila kuanguka.

Mlete sasa mama wa Kibosho aliyepata kiharusi, mkono wa kulia umelegea. Hatua gani inakufa kwanza? Si kukata, kwa sababu kukata atajifunza kwa kushoto. Kinachokufa ni kushika: ndizi inateleza. Hapo zipo njia nne, na kazi yako ni kuchagua, tena pamoja naye. Unaweza kuufundisha upya mkono uliolegea. Unaweza kumpa kifaa. Unaweza kubadilisha namna ya kufanya. Au mnakubaliana hatua ile aifanye mjukuu, mama abaki na nyingine.

Kifaa ni ubao tu, wa kama sentimita 25 kwa 30, uliopigwa misumari miwili isiyoshika kutu kutokea chini, ncha zikajitokeza sentimita 3 hivi juu. Ndizi inachomekwa, haitoroki. Pembeni unapigilia vipande viwili vya mbao kwa umbo la L ili kitu kiegemee, na chini unatandika kitambaa kibichi ubao usiserereke. Fundi yeyote wa vitanda ataupiga kwa nusu saa. Ukimaliza kuutumia, chomeka vizibo kwenye ncha za misumari. Nyumba ina watoto. Kubadilisha namna ni rahisi zaidi: ndizi zichemshwe kidogo na maganda yake, zikishalainika ganda linatoka bila kupigana nalo. Wapo bibi watakaokuambia mtori wa hivyo si mtori. Wasikilize, maana mgonjwa asipokubali chakula chenyewe kazi yako imeishia hapo. Kigoda nacho kibadilishwe: akae kwenye kiti ambacho nyayo zinagusa sakafu yote na magoti hayapandi juu ya nyonga, la sivyo kusimama kutamshinda.

Kosa la wanafunzi wengi ni kumketisha mama huyu nusu saa akipanga vikombe vya plastiki. Vikombe vina nafasi yake, lakini mama hakuumwa kwa sababu ya vikombe. Ikiwa zoezi la kuandika hatua za ndizi lilikuchosha kabla hujafika kwenye kidole gumba, fani nyingine zipo, na si aibu. Ikiwa lilikufanya uanze kutazama watu wanavyofunga vifungo vya shati ndani ya daladala, endelea kusoma.

Njia ya darasani kwa ufupi. Diploma ni miaka 3, ngazi ya NTA 4 hadi 6 (ngazi za kitaifa za tuzo za ufundi), na chuo kinachofahamika zaidi kwa fani hii nchini kipo hapa hapa Moshi, KCMC, hospitali iliyofunguliwa 1971. Masomo ya kubeba ni Biolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinakusaidia. Sifa kamili zipo kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, nao hubadilika, kwa hiyo soma wa mwaka unaoomba, usisome wa dada yako. Bodi ya mikopo, HESLB, ilianza kuwafikia wa diploma katika baadhi ya fani, za afya zikiwemo, mwaka wa masomo 2023/24. Angalia kama fani yako ipo kwenye orodha ya mwaka huo kabla hujaiwekea bajeti. Shirikisho la dunia la fani hii, WFOT, lililoanzishwa 1952, linadai angalau saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi. Kigezo hicho ndicho cha kuulizia chuo chochote. Uliza: saa ngapi za wodini, ngapi za vijijini, nani anasimamia? Ukijibiwa kwa maneno mengi bila namba, umeshajibiwa.

Utakutana na anatomia hadi uiote, hasa mkono: mifupa 27, na kila mshipa wa fahamu na kazi yake. Utasoma saikolojia na makuzi ya mtoto. Karakana haikwepeki, msumeno na gundi, na hapo ndipo wanaodhani wamekuja kuvaa koti jeupe wanapopata mshangao.

Splinti, kifaa kigumu kinachoushikilia mkono ukae unavyotakiwa, inastahili kuelezwa kidogo, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha haraka nani ameelewa na nani amekariri. Chukua mkono ulioungua upande wa juu, kwa uji au kwa moto wa mafiga mtu akiwa na kifafa. Ukiuacha ulale unavyotaka, makovu yatauvuta: kifundo cha mkono kinaanguka, viungo vya vidole karibu na kiganja vinanyooka, vidole vyenyewe vinajikunja kama kucha za mwewe. Splinti inauweka kinyume chake: kifundo kimenyanyuka nyuma nyuzi 20 hadi 30, viungo vya konzi vimekunjwa nyuzi 70 au zaidi, vidole vimenyooka, gumba limetengwa mbali. Kiganja kikiwa ndicho kilichoungua, hesabu inageuka, unakitandaza. Aliyekariri atamfunga kila mtu splinti ile ile.

Plastiki ya splinti hulainika kwenye maji ya nyuzi joto kama 65 hadi 75. Unaitoa, unaifuta, unaijaribu kwanza kwenye mkono wako mwenyewe, ndipo unamwekea mgonjwa. Urefu wake ufike theluthi mbili ya mkono kati ya kifundo na kiwiko. Ikiwa fupi kuliko hapo inamkata, kwa sababu uzito wote unakaa kwenye ukingo mmoja. Kile kifupa kinachochomoza kifundoni upande wa kidole kidogo kiachiwe nafasi. Avae dakika 20 hadi 30, uivue, utazame ngozi. Wekundu usiopotea ndani ya dakika 20 maana yake hapo pamebana, rudi kwenye maji. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo papasa: joto na ugumu ndivyo vitakavyokuambia. Na mwambie mgonjwa kwa maneno yasiyo na kona kwamba splinti haioshwi kwa maji ya moto wala haiachwi juu ya dashibodi ya Hiace. Jua la mchana la Moshi litaikunja kabla hajafika Himo, naye atarudi na kipande kisichofanana na mkono wa mtu.

Plastiki hiyo ni ghali na huisha stoo. Ndiyo maana unapaswa kujua kutumia plasta ya Paris, na hata bomba la PVC lililopasuliwa na kulainishwa kwa joto. Bomba usilipinde kamwe juu ya ngozi, ni la moto mno. Pinda juu ya umbo, lisubiri lipoe, ndipo ulipime mkononi.

Kazi inayobaki ni nyumbani, na ndiko makaratasi ya hospitali yanakoumbuka. Kipimo cha Barthel cha kujitegemea katika shughuli za kila siku, cha mwaka 1965, kina vipengele 10 na alama hadi 100. Mgonjwa anaweza kupata alama kamili za choo wodini, penye choo cha kukaa na chuma cha kushika, halafu akarudi mtaani Unga Limited, Arusha, kwenye choo cha shimo cha kuchuchumaa kinachotumiwa na wapangaji sita. Alama zake hazidanganyi, ila zimepimwa mahali pengine. Kwa hiyo nenda na futi. Pima kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni; hicho ndicho kimo cha kiti chake cha chooni. Kitengenezwe kwa mbao, chenye tundu na mikono ya kushika. Kiti cha plastiki kilichotobolewa ndicho kila mtu hukimbilia, na miguu yake hutanuka kwenye sementi yenye maji hadi mtu anakwenda chini. Mlango wa kiti cha magurudumu unataka walau sentimita 80. Mteremko ni sentimita 12 kwenda mbele kwa kila sentimita 1 ya kupanda, yaani kizingiti cha sentimita 20 kinadai mita 2.4. Kwa nyumba ya Marangu au Old Moshi iliyokaa ubavuni mwa mlima, hesabu hiyo mara nyingi haiwezekani. Hapo unafikiria upya: chumba gani alale, nani ambebe na kwa namna gani, choo kisogezwe wapi. Kama ni nyumba ya kupanga, mwenye nyumba aongee na ndugu kabla fundi hajagusa ukuta.

Kuongea na ndugu ni nusu ya taaluma hii. Wanampenda mgonjwa, ndiyo sababu wanamvuta kwa mkono uliopooza kumnyanyua, na bega linachomoka taratibu hadi anapiga kelele usiku. Usiwagombeze. Waonyeshe pa kushika, kiunoni na nyuma ya bega, kisha uwaambie wakufanyie wewe mwenyewe ulivyowafundisha. Na baba anayekula ugali wa upande wa kulia tu wa sahani, au anayenyoa ndevu nusu, hadeki wala hajarogwa: ubongo wake umeacha kuujali upande wa kushoto. Geuza sahani, na umweleze mkewe kwa nini.

Ajira tuseme ukweli. Nafasi za serikali hutangazwa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira chini ya jina la mtoa tiba kwa vitendo, na si nyingi kama za uuguzi. Kuna hospitali utakuwa peke yako, na kuna mahali watakugeuza msaidizi wa mazoezi kwa kuwa hawajui wakutumie vipi. Daftari lenye matokeo ya wagonjwa wako, kabla na baada, ndilo litakalokutetea kwa mganga mkuu. Kanda hii ina bahati ya vituo visivyo hospitali: Sibusiso na Plaster House, vya watoto wenye ulemavu, upande wa Arusha, kituo cha KKKT cha Usa River kinachofundisha vijana wenye ulemavu ufundi, Gabriella, nacho cha watoto wenye ulemavu, upande wa Moshi. Kiingereza utaandikia mafaili. Kazini utahitaji Kiswahili kilichonyooka, na salamu za Kichaga na Kimaasai zitakufungulia milango.

Omba siku tatu za kushuhudia kabla ya kulipa chochote. Peleka barua fupi ukitaja shule uliyosoma na tarehe unazoomba. Vaa viatu vya kufunika, kata kucha, simu ibaki mfukoni. Uliza maswali mgonjwa akishaondoka. Na ukimkuta mtoto wa mtindio wa ubongo anasubiri uji, usiwahi kijiko. Mtazame kwanza alivyokaa: je, nyonga na magoti vimekunjwa vizuri, nyayo zimepata pa kukanyaga, kidevu kimeinama kidogo, au amelazwa mapajani kichwa kimeanguka nyuma? Akiwa amelala hivyo, uji mwepesi unakimbilia mapafuni. Aketishwe, uji uwe mzito kidogo, kijiko kidogo kije kutoka mbele usawa wa mdomo, na cha pili kisubiri hadi uone koo limemeza.