Kwa mnaoanza kupima resi za ngalawa: saa peke yake haitoshi

Msimu umeanza, na daftari zinatufikia na makosa yale yale. Chombo kimemaliza kwa dakika 57, kikaandikwa "hakuna wa kukishinda" na kupigiwa mstari mwekundu. Ukiuliza maji yalikuwaje, kimya. Upepo je? "Ulikuwepo." Vijana wetu, mnakaa juani tangu bendera ya kwanza mpaka chombo cha mwisho, halafu kazi yote inaharibika kwa safu mbili ambazo hamkuzijaza. Tunaipenda bidii yenu, na ndiyo maana tunaandika haya mapema, kabla ya resi kubwa za Januari.

Lieleweke moja kwanza. Namba za kasi, tunazokipa kila chombo baada ya kuondoa athari ya maji na upepo wa siku hiyo, ni za kukisaidia kijiji kuchagua chombo cha kupeleka, na kumwonesha nahodha pa kurekebisha. Anayezitaka kwa kamari asije kwetu.

1. Muda mtupu hausemi kitu. Namba ya kasi tumeiazima kwenye mbio za farasi za Marekani, ambako mwandishi Andrew Beyer ndiye aliyeifanya ijulikane. Tangu 1992 namba zake zinachapishwa katika gazeti la Daily Racing Form. Tazameni Kentucky Derby, mbio ya mita 2,000 na kidogo. Rekodi ni ya Secretariat, dakika 1 na sekunde 59.40, mwaka 1973. Mwaka 2001 Monarchos alishinda kwa dakika 1 na sekunde 59.97. Ukiifuata saa utasema farasi hawa ni pacha. Lakini siku ile ya 2001 uwanja wa Churchill Downs ulikuwa mwepesi mno, na Monarchos hakushinda tena mbio hata moja. Sehemu ya muda ule ilikuwa ya uwanja, si ya farasi. Kwetu sisi uwanja ni bahari, nayo hubadilika ndani ya saa moja.

2. Maji. Hapa tutakaa, maana hapa ndipo kila kundi jipya linapozama. Mnaamini kwamba njia ya kwenda na kurudi inajirekebisha yenyewe: mkondo umekusukuma wakati wa kwenda, utakupinga wakati wa kurudi, hesabu imeisha. Haikuisha. Chukueni kalamu. Chombo kinakwenda kilomita 10 kwa saa, boya liko kilomita 5. Maji yakiwa yamesimama, ni dakika 30 kwenda na 30 kurudi, jumla 60. Sasa weka mkondo wa kilomita 2 kwa saa. Kwenda chombo kinapata kasi ya 12, dakika 25. Kurudi kinabaki na 8, dakika 37 na nusu. Jumla ni dakika 62 na nusu. Dakika mbili na nusu zimepotea na nahodha hakukosea popote. Sababu ni kwamba chombo hukaa muda mrefu zaidi ndani ya mkondo unaokipinga kuliko ndani ya ule unaokisaidia. Na kama maji yamegeuka katikati ya resi, chombo kimepingwa au kimesaidiwa njia nzima, na hesabu yenu ya kujirekebisha haipo kabisa.

Mkondo haulingani siku zote. Kwetu Unguja, bamvua likiwa kubwa maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti inaweza kuwa mita moja hivi. Yote hayo yanapita katika saa sita zile zile. Fuateni mwezi: bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na maji mafu yako katikati yake. Ndani ya saa sita zenyewe, gawa kupanda kwa maji mafungu 12: saa ya kwanza fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani nusu ya maji yote hupita saa ya tatu na ya nne. Ngalawa iliyotoka maji yakiwa yamesimama na nyingine iliyotoka saa ya tatu ya bamvua haziwezi kuwekwa kwenye mstari mmoja eti kwa sababu zote zimeandikwa 61.

Kupima mkondo si kazi ngumu. Tia nanga mtumbwi karibu na njia, funga kamba ya mita 10 ielee nyuma, dondosha dafu, hesabu sekunde mpaka lifike mwisho wa kamba. Gawa 36 kwa sekunde hizo, jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 18 ni kilomita 2. Tumieni dafu kwa sababu sehemu kubwa yake inazama. Kumbi kavu linasukumwa na upepo, na mtakuwa mmepima upepo mkadhani ni maji. Pimeni kabla ya bendera, chombo cha kwanza kinapogeuka, na mwisho.

Lipo na la kipwa. Maji yakijaa, manahodha wanakata juu ya mwamba, yakipwa, wanazunguka. Njia imerefuka na daftari lako bado linaonesha resi ile ile. Andika wamepita wapi.

3. Msichanganye pepo za kusi na kaskazi. Chukueni mfano wa njia ya Forodhani mpaka boya la upande wa kisiwa cha Changuu, kilomita 5 na kitu kuelekea kaskazini-magharibi. Kwa kaskazi la kaskazini-mashariki upepo uko ubavuni kwenda na kurudi, na chombo chenye tanga kubwa na watu wazito wa kukaa upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, kinatamba. Kwa kusi la kusini-mashariki, kwenda upepo uko tezi, yaani nyuma, na kurudi ni kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, mwanzo mwisho. Hapo anashinda anayekwenda joshi vizuri na kugeuza tanga bila kupoteza mwendo. Boya ni lile lile, resi ni mbili tofauti. Wekeni kurasa mbili. Namba za Agosti msizipeleke kwenye resi ya Januari.

4. Tofauti ya siku, yaani muda ambao hali ya siku hiyo imewachelewesha au kuwaharakisha wote. Mnaijua hesabu, lakini mnatafuta wastani. Msitafute wastani, chukueni ya katikati. Tuseme vyombo vitano mnavyovijua vimechelewa kuliko kawaida yao kwa dakika 1:50, 2:10, 2:30, 2:40 na 9:00. Hicho cha dakika 9 foromali, mti unaoshika tanga, ilipasuka. Ya katikati ni 2:30, na ndiyo tofauti ya siku. Wastani ungekupa 3:38. Sasa kimekuja chombo kigeni, kimemaliza kwa 61:18, na muda wa kawaida wa njia ni 60:00. Ondoa 2:30 kinabaki 58:48, sekunde 72 chini ya kawaida, asilimia 2. Sisi kawaida tunaipa 100 na kila asilimia pointi 5, kwa hiyo namba yake ni 110. Kwa wastani wenu kingepata 119, na kijiji kizima kingekiogopa chombo ambacho hakipo, kwa sababu ya foromali ya mtu mwingine.

Mkiwa na vyombo mnavyovijua chini ya vinne, wekeni alama ya kuuliza mbele ya namba. Na kama resi ya asubuhi imepata upepo laini wa matlai na ya alasiri imepata upepo mkali, hizo ni tofauti mbili. Msilazimishe moja.

5. Saa mbili, watu wawili, kila mmoja aandike bila kumwangalia mwenzake. Idadi ya mabaharia iandikwe. Tanga jipya au la zamani. Chini pamekwanguliwa lini: ukoga wa wiki chache unakula pointi, na chombo kikipandishwa na kusafishwa mtadhani nahodha amejifunza usiku mmoja. Nahodha akibadilishwa, anzeni ukurasa mpya. Namba ni ya chombo na mtu wake.

6. Kutabiri. Msitumie namba kubwa kuliko zote. Chukueni tatu za mwisho za upepo unaotarajiwa, mtazame ya katikati, halafu muulize ile kubwa ilipatikanaje. Kama ilipatikana siku ambayo chombo kilitangulia peke yake kwenye upepo safi na wengine wakagombania boya, ipunguzeni uzito. Vyombo vinavyotofautiana kwa pointi 3 au chini ya hapo, viandikeni sawa, maana kwenye njia ya saa moja pointi 3 ni sekunde 22, na kugeuza tanga vibaya mara moja kunazimaliza. Asubuhi ya resi tazameni upepo upya. Ukiwa umegeuka, fungueni ukurasa wa pili, mpange upya, na mumpelekee nahodha karatasi kabla hajachagua tanga la kufunga.