Daktari, Nitaufunguaje Ukuta wa Korodani?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 33, naishi Barani, Malindi. Mwaka wa pili huu tangu nioe, hatujapata mtoto. Kipimo kimeonyesha mbegu ni chache, milioni 4 kwa mililita. Muuza dawa ananiambia ndani ya korodani kuna ukuta umejifunga, mbegu hazipiti, na ana dawa ya kuufungua. Rafiki yangu wa jimu anasema nichome testosteroni, homoni ya kiume, ndiyo inayotawala ukuta huo. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba. Usifuate hata moja.

Ukuta upo kweli, na kazi yake ni kufunga. Ndani ya mirija midogo ya korodani, seli za Sertoli, zinazolea mbegu, zimeshikana ubavu kwa ubavu kwa protini kama okludini na klaudini-11. Mbegu huanza kutengenezwa mtu akibalehe, wakati kinga ya mwili imeshajua zamani kipi chake na kipi kigeni, hivyo ukuta huzificha mbegu zisionekane ngeni. Ukuta ukivunjika, kwa mfano korodani ikiumia, mwili unaweza kuzishambulia mbegu zake wenyewe.

Lakini seli changa za mbegu lazima zivuke, na hapa ndipo wauza dawa wanapopotosha watu. Mshikamano mpya hujengwa kwanza nyuma ya seli inayovuka, ndipo ule wa mbele yake huachiliwa, kama malango mawili yasiyofunguliwa kwa pamoja. Testosteroni huchochea kujenga. Jumbe nyingine za seli, TGF-beta na TNF-alfa, hufanya protini za mshikamano zivutwe ndani ya seli, na hapo mshikamano huachia. Sasa dawa ya muuzaji huyo, chupa ya soda iliyojaa maji ya mizizi, itajuaje zamu ni ya nani? Kadimiamu, ambayo ni sumu, imeuvunja ukuta huu kwa panya wa maabara, na mbegu zikaharibika.

Sindano ndiyo inayonikera zaidi, maana ina harufu ya sayansi. Testosteroni ndani ya korodani ni nyingi makumi ya mara kuliko ya kwenye damu, na hutengenezwa palepale kwa amri ya LH, homoni ya ubongo inayofanya kazi pamoja na mwenzake FSH. Ukijichoma, ubongo huona damu imejaa, hukata amri, na korodani hukauka. Vijana huniletea karatasi ya maabara iliyoandikwa mbegu sifuri, ilhali vifua vimejaa misuli na ndevu zimekoza. Wengi mbegu hurudi wakiacha, ila huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka. Anayekuuzia kichupa kisicho na lebo hatakwambia hayo.

Wewe rudia kipimo baada ya kujizuia kumwaga mbegu siku 2 hadi 7. Pima FSH, LH na testosteroni asubuhi, na daktari akukague kama mishipa ya korodani imevimba. Mkeo naye apimwe sasa, asingojee zamu yake. Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, kwa hiyo matibabu yoyote yapimwe baada ya miezi 3. Na kama umeshachoma hata sindano moja, mwambie daktari kabla hajasoma majibu yako.