Oudtshoorn: siku moja haitoshi

Dada, umeuliza kama siku moja inatosha kuutembelea mji wa Oudtshoorn, Afrika Kusini, ukitokea mji wa George. Kwa kweli lala usiku mbili. Kutoka George ni kama kilomita 60 tu, unapanda mlima wa Outeniqua ukiacha ukijani nyuma yako, na ukishuka upande wa pili nchi imekauka, vichaka vifupi na vumbi.

Shamba la mbuni nenda asubuhi, maana kiangazi joto la mchana huko si la mchezo. Mwombe mwongozaji akushikishe yai: zito, ganda gumu lenye vitundu vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa. Moja ni sawa na mayai ya kuku kama 24. Wakikualika kumpanda mbuni, kataa tafadhali. Mgongo wake haukuumbwa kubeba mtu.

Mjini tazama majumba ya mawe ya mchanga yaliyojengwa na matajiri wa manyoya, enzi ambazo wanawake wa Ulaya walivaa kofia zenye manyoya ya mbuni. Mwaka 1914 soko likaanguka, wengi wakafilisika.

Mapango ya Cango yako kama kilomita 30 kaskazini, weka nafasi mapema. Ile ziara ngumu ina sehemu unapita kwa tumbo, kwa hiyo kama unaogopa kubanwa chukua ile ya kawaida.

Siku ya pili panda milima ya Swartberg hadi mji mdogo wa Prince Albert. Barabara ni ya changarawe, ilifunguliwa 1888, na mvua ikinyesha ulizia kwanza kama haijafungwa.