Spika tatu, mwangwi mmoja

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina spika sebuleni, jikoni na barazani, kila moja na Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yake, zote zinaongozwa na Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani. Nikifungulia redio asubuhi, jikoni inatangulia, barazani inafuata nyuma. Mama anasema nyumba imekuwa pango. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Mama hajakosea. Kila spika inaivuta redio kivyake na kuanza kuicheza kwa wakati wake. Home Assistant ni mnyapara tu hapo: inatoa amri, haipangi milisekunde.

Mimi kwangu natumia Snapcast, programu ya kuzifanya spika zicheze kwa pamoja. Kompyuta moja, yaani seva, inapokea sauti, inaikata vipande na kukipa kila kipande saa yake ya kuchezwa. Pi zote zinalinganisha saa zao na ya seva, kisha zinasubiri. Kusubiri huko ni kama sekunde 1, kwa hiyo usiunganishe na televisheni. Utaona midomo kwanza, maneno baadaye. Barazani ikiendelea kuchelewa kidogo, simama mlangoni ukirekebisha latensi (kipimo cha ucheleweshaji) ya kifaa hicho mpaka mwangwi uishe.

Seva iunganishe na ruta kwa waya. Nilikaidi hili mwezi mzima, sauti ikawa inakatika kila tukipasha wali: maikrowevu na Wi-Fi ya GHz 2.4 hugombania masafa yaleyale.

Ukishaiunganisha Snapcast na Home Assistant, iambie ya barazani inyamaze saa 4 usiku. Majirani nao wana masikio.