Kuhamisha ripita ya zamani kwenye chaneli nyembamba: anzia kwenye risiva

Mdogo wangu, ukikabidhiwa ripita ya zamani, yaani mashine inayopokea ishara ya redio na kuirusha tena, uihamishe kutoka chaneli ya 25 kHz kwenda 12.5 kHz, usikimbilie transmita. Wengi huanzia huko kwa sababu ni rahisi: unazungusha skrubu ya deviesheni, yaani kiasi ambacho masafa yanayumba mtu anapoongea, kutoka 5 kHz hadi 2.5 kHz, kipimo kinakubali, unafunga mfuniko. Hapo umefanya nusu ya kazi, tena ile nyepesi.

Kwanza kabisa uliza mashine itatumika wapi. Marekani, FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, iliwapa watumiaji wa masafa ya VHF 150–174 MHz na UHF 421–470 MHz hadi tarehe 1 Januari 2013 wawe wamehamia 12.5 kHz, na kifaa kilipaswa kuwa kimeidhinishwa kwa upana huo. Kwa hiyo ripita kama GE MASTR II au Motorola MICOR ya miaka ya 1970, hata uitengeneze vizuri namna gani, haikupata uhalali wa kuhudumia polisi au kampuni kwa sababu tu wewe umeipima ikakaa sawa. Kwa redio za ridhaa, za wapenzi wa redio wasiofanya biashara, ni jambo jingine, na huko ndiko mashine hizi zinakostahili jasho lako.

Sasa risiva. Filta yake ilichaguliwa kwa ishara pana. Ukiiacha, inapokea kelele isiyo na kazi pamoja na maongezi ya chaneli jirani. Piga hesabu: deviesheni ya 2.5 kHz ujumlishe sauti ya 3 kHz, mara mbili, unapata 11 kHz, ndio upana ambao filta inapaswa kupitisha. Kwenye risiva zenye filta za seramiki za 455 kHz, soma herufi ya mwisho: D ni ±10 kHz, E ni ±7.5, F ni ±6, G ni ±4.5. Mimi huchagua F. G inachuja vizuri zaidi, lakini redio ya mkononi iliyohama masafa kidogo tu itasikika imekwaruza. MASTR II haikupi urahisi huo, maana filta yake ni ya kristali kwenye 11.2 MHz, usinunue chochote kabla ya kufungua mchoro wa mashine yenyewe.

Deviesheni ikipungua nusu, sauti inayotoka kwenye diskrimineta, sehemu ya risiva inayogeuza ishara kuwa sauti, nayo inapungua nusu, yaani 6 dB. Hapa ndipo ripita nyingi zinapoharibikia: mtu anaongea vizuri, upande wa pili anasikika yuko mbali. Weka limita, yaani kizuizi cha deviesheni, kwanza ili hata mtu akipiga kelele transmita isipite 2.5 kHz. Kisha ingiza kwenye risiva toni ya 1 kHz yenye deviesheni ya 1.5 kHz, na upandishe sauti mpaka transmita nayo itoe 1.5 kHz ileile. Skwelchi, ile inayonyamazisha risiva kama hakuna ishara, irekebishe baada ya hapo, si kabla, kwa sababu kelele inayoiendesha imebadilika pamoja na filta.

Toni ya CTCSS, ile ya chini inayofungua ripita wakati mtu anaongea, husahauliwa sana. Kama deviesheni yake ilikuwa 750 Hz, ishushe hadi karibu 350 Hz, la sivyo inakula karibu theluthi ya nafasi ya sauti.

Kristali zinazoshikilia masafa nazo zichunguze. Kwa stesheni za VHF, kiwango cha FCC cha kuhama masafa kilishuka kutoka 5 ppm (sehemu tano kwa milioni) hadi 2.5 ppm, kwenye 150 MHz hiyo ni 375 Hz tu. Pima mashine ikiwa baridi, pima tena ikishapata moto.

Na wabadilishe watumiaji wote siku moja. Redio moja iliyobaki kwenye upana wa zamani ikiongea kwa nguvu, skwelchi ya ripita itakuwa inajifunga katikati ya maneno, na watakuita wewe.

Duplexa, filta inayoruhusu kupokea na kurusha kwa antena moja, iache ilivyo. Masafa hayajahama.