Plasebo kwenye majaribio ya dawa za saratani

Mmeuliza kama mama, akiingia kwenye jaribio la dawa ya saratani na kuangukia kundi la plasebo (dawa bandia isiyo na tiba ndani yake), ataachwa bila tiba. Hapana, haimaanishi hivyo. Kama saratani yake ina tiba inayojulikana, wote wanaipata. Plasebo inaongezwa juu yake tu. Chukua KEYNOTE-189, jaribio la saratani ya mapafu iliyosambaa lililotoa matokeo 2018. Wagonjwa wote 616 walipewa kemotherapia. Wawili kati ya kila watatu waliongezewa pembrolizumab, dawa iliyokuwa ikijaribiwa, miligramu 200 kwa dripu kila baada ya wiki 3, aliyebaki akawekewa dripu ya maji ya chumvi, na ugonjwa wake ukizidi aliruhusiwa kuhamia pembrolizumab.

Plasebo peke yake huweza kutumika pale tiba za kawaida zimeshagonga mwamba. Jaribio la CORRECT la dawa ya regorafenib, kwa saratani ya utumbo mpana, lilikuwa hivyo: theluthi moja walipata vidonge bandia na huduma ya kutuliza dalili, na hawakuruhusiwa kuhamia regorafenib ugonjwa ukizidi. Hilo ni zito, lazima mlijue mapema. Kabla hajasaini fomu ya ridhaa, someni kundi la ulinganisho linapewa nini hasa, na kama kuhama kunaruhusiwa ugonjwa ukikua. Kujitoa anaweza siku yoyote.